Mgonjwa Niliyemwita Mkaidi

Ukimpa mgonjwa dawa ya maji dirishani, usimruhusu aondoke kabla hajazungumza na wewe. Hilo ni la kwanza, vijana wangu, na sidhani kama limo kwenye vitabu vyenu. Akishakunywa kile kikombe, mwulize habari za nyumbani. Mwulize kama mvua imenyesha kwao. Akikujibu kwa "mmh" na kutikisa kichwa, jua dawa bado iko shavuni na anaipeleka nje kwa mwenzake. Tulikuwa na kijana mmoja wa sokoni, bingwa wa kuficha, nikawa kila asubuhi namwambia anitajie vituo vyote kuanzia stendi ya Moshi mpaka Kwa Sadala. Siku moja alivitaja vyote akiwa amefumba mdomo, kwa kuvuma puani kama mwanakwaya wa sauti ya nne. Foleni nzima ilicheka, yeye mwenyewe akacheka, dawa ikateremka bila yeye kutaka. Kuanzia hapo tukawa marafiki.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sasa niko nyumbani Mwika, naanika kahawa na kugombana na kuku wa jirani. Nilianzia wodi ya wazazi, nikapita kwenye chanjo, nikazunguka kwingi, na miaka yangu ya mwisho kazini niliimalizia kwenye kliniki moja ya Moshi mjini iliyohudumia watu waliozama kwenye unga, yaani heroini. Wanaoukosa unga baada ya kuuzoea hupata arosto: mwili unauma wote, wanatapika, wanatetemeka, wanatoka jasho kwenye baridi. Ile dawa ya maji huituliza arosto ili mtu aweze kuamka, kuoga, kufanya kazi. Anakuja kila siku, anakunywa mbele ya macho yako, anakwenda zake.

Wauguzi wapya hunitembelea wakaniuliza, "Sista, ulikuwa unawawezaje wale mateja?" Wanategemea niwape siri. Siri yenyewe ni kwamba kuna mmoja sikumuweza hata kidogo, na kosa lilikuwa langu. Nitawasimulia huyo.

Nimwite Deo. Jina lake silo, na yeye mwenyewe amenikubalia nimwandike. Alikuwa mpishi wa mlimani. Kazi hiyo mnaijua: unapanda na wageni, unapikia hemani, maji hayataki kuchemka na upepo unakuzimia jiko. Mama yake aliniambia Deo hakuwa anaandika chochote. Wageni kumi na wawili, huyu hali nyama, yule akigusa karanga anavimba uso, mwingine anataka uji saa kumi na moja alfajiri, na yote hayo aliyabeba kichwani mpaka siku ya kushuka. Alianza unga kwenye msimu usio na wageni, akaingia kwenye sindano, na kwenye sindano za kuchangia ndiko alikopata virusi vya Ukimwi.

Alipofika kwetu alikuwa na miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye heshima iliyopita kiasi. "Shikamoo sista." Baada ya dakika kumi mnapishana uwanjani: "Shikamoo sista." Nilidhani ananifanyia kejeli. Mara moja nikamwambia shikamoo zake aziweke akiba kwa ajili ya wakwe zake. Kumbe alikuwa hakumbuki kama tumesalimiana.

Siku hizo utaratibu wetu ulikuwa wa ajabu, ingawa tuliuona wa kawaida. Dawa ya maji ilikuwa kwetu, kila siku. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa jengo la ng'ambo ya uwanja, kwa tarehe maalumu. Kadi mbili, foleni mbili, na watu wawili wa kukufokea. Deo alikuwa anakuja kwangu wiki nzima bila kukosa, halafu anapotea siku tatu. Kule ng'ambo anakwenda Jumatano badala ya Jumanne, anasemwa mbele za watu, harudi tena mpaka mwezi upite.

"Ulikuwa wapi jana?" nilimwuliza siku moja.

"Nilikuwa nakwenda nyumbani, sista. Nilifika mpaka njia panda. Miguu ikanipeleka kijiweni."

"Miguu ya nani?"

"Yangu, sista."

"Basi ifunge kamba."

Watu walicheka, na mimi nikajiona hodari wa maneno. Alipopotea tena, nilifungua faili lake nikaandika neno moja kwa wino mwekundu, herufi kubwa: MKAIDI.

Na hapa niwaambie, sikuwa nimekosa mafundisho. Nilipoanza kazi nilikuwa chini ya muuguzi mzee, Sista Gaudensia, mwanamke mfupi aliyetembea kwa haraka na kalamu mbili kichwani. Nilimwandikia ripoti ya mtoto aliyekonda, nikaweka na maneno "mama mzembe". Alinirudishia ile karatasi. "Uzembe umeuona wapi?" aliniuliza. "Ulikuwa kwenye tumbo au kwenye macho? Una rangi gani? Andika ulichokiona kwa macho yako. Unachofikiri, peleka nyumbani ukamwambie mumeo." Baadaye ikajulikana yule mama hakuwa na maziwa, alikuwa na jipu kwenye titi. Nilicheka na Sista Gaudensia juu ya jambo hilo miaka mingi, hata kwenye kuagwa kwake nililisimulia. Halafu nikaja kuandika MKAIDI kwa mkono wangu mwenyewe. Mtu anaweza kulijua somo na asilitumie, hilo nalo mlijue mapema.

Sasa nije kwenye kikao.

Nyumbani kwao Deo si mbali na kwetu. Baba yake alishafariki, na kauli ya pale ilikuwa ya baba yake mkubwa, Mzee Aloyce, mtu mwenye msimamo lakini si mkatili. Deo alikuwa na chumba chake pembeni ya nyumba ya mama yake, ndani ya kihamba cha ukoo, lile shamba la migomba na kahawa ambamo mtu wa kwetu huzaliwa na ndimo huzikwa. Kumtoa mtu kwenye kihamba ni jambo zito. Lakini Deo alikuwa ameuza mashine ya kumenyea kahawa ya Mzee Aloyce, tena msimu wa kuchuma ukiwa umeanza. Kikao kikaitwa Jumapili baada ya misa.

Mama Deo alinifuata kanisani. "Njoo useme, sista. Mimi nikisema wanaona ni mama tu anamlilia mtoto. Wewe watakusikiliza."

Nikaenda. Watu walikuwa wamekaa mbele ya nyumba, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Deo alikuwa kwenye gogo peke yake. Walizungumza mengi, mashine ikatajwa, mabati yaliyopotea yakatajwa, kisha Mzee Aloyce akanigeukia.

"Sista, sisi hatukusoma udaktari. Wewe ndiye unayemwona kila siku. Tuambie ukweli. Huyu mtoto anaumwa, au anajitakia?"

Wiki ile Deo alikuwa amekosa dawa siku nne. Nilikuwa nimechoka naye, na nilikuwa nimemkasirikia kwa niaba ya mama yake. Ningeweza kusema sijui. Vijana, "sijui" ni neno la kitaalamu kabisa, na mkiona aibu kulitumia mtaumiza watu. Sikulitumia.

"Dawa anapewa bure kila siku," nilisema. "Wenzake wanakunywa, wamerudi kazini. Ugonjwa tumeshautibu. Kilichobaki anajitakia."

Mama Deo aliniangalia, akashindwa kufumba mdomo. Alikuwa ameniita nimtetee mwanawe. Deo mwenyewe alikuwa anatikisa kichwa polepole, anakubali kila neno, mithili ya mwanafunzi anayesomewa matokeo aliyoyatarajia. Mzee Aloyce alisema asikanyage kihamba kile mpaka awe mtu, na siku hiyohiyo chumba kikafungwa, ufunguo akaondoka nao yeye.

Deo akateremka mjini. Alikuwa analala kwenye nyumba isiyokwisha kujengwa huko Shirimatunda, bila mlango wala dari. Kwetu hakuja tena. Dawa za virusi nazo aliziacha. Kila wiki mama yake alikuwa anashuka kutoka Mwika na chombo cha kiburu, ndizi na maharage alizozisonga mwenyewe, anasimama dirishani kwangu: "Sista, amepita?" Nasema hajapita. Anakishika kile chombo, anakaa kwenye benchi mpaka mchana, kisha anapanda gari kurudi. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Alikuja yapata miezi miwili baadaye, amebaki mifupa, anakohoa. Wakati huo tulikuwa tumepata daktari mpya, Daktari Upendo, binti kutoka Mbeya, wa umri wa kitindamimba wangu. Alichukua faili la Deo, akaona lile neno jekundu, akafunika faili bila kusema kitu. Nilitamani aseme.

"Sista, huyu amewahi kupimwa kumbukumbu?"

"Kumbukumbu anayo. Mbona unga ulipo anakumbuka?"

"Tumpime tu."

Kipimo chenyewe hakina mashine, na ndiyo sababu nataka mkijue. Unamtajia mtu maneno manne, anayarudia, kisha unamwambia utamwuliza tena baadaye. Alimtajia ndoo, kuku, blanketi, barabara. Halafu akamwonyesha mchezo wa mkono: gonga meza kwa ngumi, laza kiganja, simamisha mkono kwa ubavu, rudia haraka. Mimi nilijaribu chini ya meza, nikakosea mara mbili, ya tatu nikaweza. Deo hakuweza. Ngumi, kiganja, ngumi, anasimama, anautazama mkono wake anashangaa. Anaanza upya. Ngumi, ngumi.

"Haya, Deo. Yale maneno manne."

Alikunja kidole kimoja. "Kulikuwa na kuku," alisema mwisho.

"Na mengine?"

Alicheka kidogo. "Daktari, mimi nilikuwa nabeba wageni kumi na wawili humu." Akagusa kichwa chake. Kisha kile kicheko kikaondoka, akaniangalia mimi, si daktari, akasema, "Sista, yamekwenda wapi?"

Daktari Upendo hakukimbilia jibu. Alimpima na mengine yote yanayoweza kuvuruga kichwa: kifua kikuu, kaswende, kuanguka na kuumia, huzuni ya muda mrefu. Akatazama na kiasi cha virusi kwenye damu, akahesabu ni muda gani Deo amekuwa akizinywa dawa na kuziacha. Ndipo akanikalisha kwenye chumba cha mizani akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi kwa namna nilivyoelewa.

Virusi vya Ukimwi havikai kwenye damu tu. Vinaingia kwenye ubongo mapema, mwanzoni kabisa mwa maambukizi, na vinajificha ndani ya zile chembe zinazotakiwa kuulinda ubongo. Dawa nyingi hazifiki huko kwa nguvu ileile zinayofika nayo kwenye damu. Mimi ni mkulima, nikamwambia daktari: ni kama fuko kwenye mgomba, wewe unahudumia majani na yeye yuko chini anakula mizizi. Akasema ndiyo, hapo umepata. Zile chembe za ulinzi hubaki zimechafuka muda wote, na uchafuko huo unagusa sehemu mbili hasa: ile inayomwambia mtu "hii ni raha, irudie", na ile inayomwambia "ngoja kwanza". Sasa weka unga juu yake, ambao nao unaharibu sehemu zilezile. Huenda hamu ikawa kali zaidi, na nguvu ya kujizuia ikawa ndogo zaidi. Akili ya kupanga kesho inapungua. Tarehe zinapotea. Mtu anaanza safari ya kwenda nyumbani na njia panda inamshinda.

"Huenda," nilimwambia. "Una hakika au huenda?"

"Huenda," alisema. "Wataalamu bado wanachunguza. Kwa Deo siwezi kukupimia hiki ni cha virusi, hiki cha unga, hiki cha maisha. Wengi wenye virusi hawajawahi kuugusa unga, wanalea watoto na wanafanya kazi zao, kwa hiyo usije ukatoka hapa ukatangaza kwamba virusi vinamfanya mtu teja. Ninachojua ni kwamba huyu hakuwa anakukaidi. Alikuwa anashindwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini."

Nilimwambia nakwenda kuhesabu vikombe. Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia. Nililia kwa aibu, nawaambia wazi, na kwa kumfikiria yule mama na chombo chake cha kiburu.

Tulibadilisha kazi. Haikuwa sayansi kubwa. Daktari alipigania dawa zote mbili zitoke kwenye dirisha moja, asubuhi moja, kwa mkono mmoja, ili Deo asiwe na cha kukumbuka isipokuwa kuja. Alimbadilishia na dawa za virusi. Hili la dawa msilipuuze: zipo za virusi na za kifua kikuu zinazomaliza haraka ile dawa ya maji mwilini, mgonjwa anaanza arosto mchana na wewe unasema anadanganya ili aongezewe. Mimi nilijifunza mambo madogo. Usimpe mtu wa namna ile tarehe, mpe tukio: "siku ya soko", "ukitoka misa". Usimpe maagizo matatu, mpe moja. Mwulize njia anayopita, na kama inapita kijiweni, mtafutie nyingine hata iwe ndefu. Nilitembea na Deo mwenyewe kutoka Shirimatunda mpaka kliniki kwa njia ya nyuma, mara nne, mpaka miguu yake ikaizoea. Akifika namwambia, "Karibu, leo ni Alhamisi," bila kumwuliza, maana kumwuliza mtu kitu alichokipoteza ni kumkumbusha kwamba amekipoteza.

Alianza kunenepa. Lakini pale Shirimatunda alikuwa anaishi katikati ya unga, na Daktari Upendo akasema bila kuficha: asipopata mahali pa kulala penye mtu wa kumwamsha, tutampoteza. Mahali pa namna hiyo palikuwa pamoja tu, chumba chake cha kihambani, na nilikuwa nimepafunga mimi.

Nilimwambia Deo nataka kwenda kwa baba yake mkubwa.

"Utasema nini?"

"Nitasema ulichonikubalia kusema."

Mama yake alijua habari za virusi, Mzee Aloyce hakujua. "Sema ubongo unaumwa," Deo alisema. "Kinachouuma usikitaje."

Nikamwahidi. Na ninyi mkumbuke, hata ukiwa na nia njema kuliko malaika, siri ya mgonjwa si yako kuitoa.

Mama Deo alikwenda kumwomba Mzee Aloyce aitishe kikao. Mzee akajibu ataitisha, ila Deo asije mikono mitupu, aje na isale. Kwa wasiojua, isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani mwa vihamba. Aliyekosa humpelekea aliyemkosea, na aliyekosewa akiletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Akikataa, lawama inahamia kwake. Kwa hiyo mzee alikuwa ameshaufungua mlango nusu. Mama Deo alichuma jani mpakani, akaliosha, akanipa nimkabidhi Deo tutakapofika, maana alijua akimpa mwenyewe tangu mjini angelisahau garini.

Tulipofika, watu walikuwa wamekaa vilevile. Deo alikwenda kwenye gogo lake. Jani nilikuwa nalo mimi, na tangu tuteremke kwenye gari nilikuwa nimeshajua sitampa alipeleke.

Nilisimama nalo. Mzee Aloyce alidhani nimekuja kumwombea Deo, akanyoosha mkono kulipokea. Nilimpita. Nikaenda mpaka kwenye gogo, nikapiga magoti, na magoti yenyewe yalikuwa yamebakiza miezi michache kustaafu, nikamnyooshea Deo lile jani.

Mtu mmoja alikohoa.

"Sista," Mzee Aloyce alisema, "isale linakuja huku. Mashine ilikuwa yangu."

"La mashine atalileta yeye, mzee. Hili ni langu." Sikusimama. "Mliniuliza hapa kama mtoto huyu anaumwa au anajitakia. Nilisema anajitakia. Sikuwa nimempima, nilisema kwa hasira. Sasa amepimwa. Ubongo wake unaumwa, umeumwa muda mrefu, na mimi nilikuwa naandika kwamba ni tabia."

"Kwa hiyo ubongo ndio uliouza mashine yangu?"

"Aliyeuza ni Deo, na kosa hilo ni lake. Sikuja kulifuta. Lakini hamkumfukuza kwa ajili ya mashine peke yake. Mlimfukuza kwa neno langu, na neno langu halikuwa kweli."

Deo alikuwa analitazama jani kana kwamba litamuunguza. Miaka yote alikuwa mtu wa kuomba radhi, na hakuna aliyewahi kumwomba yeye.

"Nifanye nini nalo?" alimwuliza mama yake kwa sauti ndogo.

"Lipokee, mwanangu. Ukiletewa hulikatai."

Akalipokea kwa mikono miwili. Mama Deo akaniinua, akasema, "Aika mae," asante mama, na huko kuniita mama kulinimaliza. Mzee Aloyce alikaa akichora chini kwa fimbo yake. Kisha akatia mkono kwenye koti, akatoa ufunguo, akaupeleka kwa mama Deo mwenyewe bila kumtuma mtu. "Afagiliwe chumba," alisema. "Ya mashine tutaongea akiwa ameshiba."

Msidhani alipona jioni ile. Ameanguka mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili alikuja dirishani mwenyewe kusema. Yale maneno manne yanamshinda mpaka leo. Mama yake humwamsha, humpa uji, humsindikiza barabarani. Mlimani hapandi tena, ila ukifika kwenye shughuli za ukoo utamkuta jikoni, na mtori wake, ile supu nzito ya ndizi na nyama, hauna mpinzani, mradi mtu akae karibu amkumbushe kama ameshatia chumvi.

Ila niliyotaka kuwaambia hasa ni maneno aliyonipa siku ile, wakati wenzetu wameanza kupokezana mbege na mimi nimetoka kutafuta gari la kurudi mjini. Alinifuata mpaka barabarani, jani bado liko mkononi.

"Sista, siku ile uliposema najitakia, ulikuwa na hakika?"

"Nilijifanya ninayo."

Akaitika kwa kichwa, bila chuki yoyote.

"Mimi nilikuwa nahisi kuna kitu hakiko sawa humu ndani," alisema. "Nilikuwa najiambia, Deo, si wewe wote huyu. Nilikuwa najitetea hivyo kila nikianguka, halafu kesho yake naamka nakuja dirishani. Uliposema vile mbele ya watu, nikasema basi, sista amesoma, anajua kuliko mimi. Ndipo nikaacha kuja."